Mgongo wa Aliyekuwa Mbele

Jana jioni nilikuwa nachambua mlenda, binti yangu akaja na ramani ya shule. Ameweka rula kule juu, magharibi ya Ziwa Victoria. "Mama, huku mpaka wetu na Uganda umenyooka kabisa. Nani aliuchora?"

Nikamwambia ni Waingereza na Wajerumani, mwaka 1890. Walikubaliana ufuate digrii 1 kusini mwa Ikweta. Akaridhika, akarudi kwenye daftari lake. Mimi mlenda ukanishinda.

Baba hakuwa mtu wa kuomba kitu. Mwaka 2003 akasema tu, "Mwanangu, nipeleke Mutukula." Mutukula iko kwenye mstari huo huo. Basi hadi Mwanza, meli ya usiku hadi Bukoba, kisha Hiace. Hakuzungumza njia nzima. Pale Kyaka, kwenye daraja la Mto Kagera, alivua kofia na hakuivaa tena. Daraja la awali majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwaka 1978, na baba alipelekwa huko akiwa mgambo, kijana wa Bahi ambaye mito aliyoizoea ni ile yetu ya mchanga, inayopitisha maji mvua ikinyesha tu.

Mutukula tulikuta malori yamepanga foleni na wabadilisha fedha wanakimbilia kila anayeshuka. Baba akamsimamisha kijana mmoja. "Mpaka wenyewe uko wapi?"

"Huo hapo, mzee."

Ilikuwa nguzo fupi ya saruji, imefungwa mbuzi. Kijana akamfungua mbuzi haraka, nadhani aliuona uso wa baba. Baba akaisogelea, akaweka kiganja juu yake kama anavyompima mtoto homa.

"Ndiyo hii?" Aliniuliza mimi, mtu ambaye vita ilipiganwa sijazaliwa.

Akakaa kimya. Lori likapita, vumbi likatufunika, yeye bado ameishika.

"Usiku ule sikuiona," akasema. "Januari ya '79. Giza, matope. Tuliambiwa, usipoteze mgongo wa aliye mbele yako. Basi nikavuka naangalia mgongo. Sijui ni wapi Tanzania iliishia. Ule mgongo naujua hadi leo. Shati lilikuwa limechanika hapa."

Akanigusa kwa kidole chini ya bega la kushoto, akaacha kidole pale. Kilikuwa kinatetemeka.

Nilitaka kuuliza yule mtu alikuwa nani, na kama alirudi. Nikaona nitamuuliza kwenye meli. Kwenye meli alilala. Nyumbani kulikuwa na kuvuna uwele, halafu harusi ya mdogo wangu, halafu baba akaugua.

Binti yangu alirudi jikoni. "Babu aliwahi kufika huku?"

"Alifika. Mara mbili."

Akataka nimwoneshe ni wapi. Nikaweka kidole kwenye ramani, juu ya ule mstari, na sikukiondoa hadi aliponiambia, "Mama, nimeshaona."