Injini Iliyokataa Kukojoa

Ukikaa pale Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, uangalie boti zikiondoka utaona mwenye boti haangalii mbele, anageuka kwanza nyuma kuona kama injini inakojoa. Hivyo ndivyo tunasema. Ubavuni kuna katundu kadogo, na injini ikiwa sawa inarusha hapo mkondo mwembamba wa maji bila kukoma, huo ndio unakuonyesha pampu inavuta maji ya ziwa na kuyapandisha juu kupoza chuma. Usipouona unazima, hakuna kujadiliana. Hii sheria nilikuwa naijua vizuri kabisa, na bado nilimpeleka mjomba wangu ndani ya gugumaji, yale majani yanayoelea ziwani, na injini iliyokuwa inatoa matone tu.

Ilikuwa Desemba 2021. Mjomba alikuwa amestaafu kazi Mombasa akarudi Kisumu, na badala ya kununua ng'ombe kama wenzake akanunua boti. Si ya kuvua, ya kujifurahisha tu, ya faiba, futi 16, viti vinne sponji nje, na huko nyuma Yamaha ya zamani ya nguvu za farasi 40, ile ya kuchanganya petroli na oili mwenyewe, lita 20 kwa mililita 400. Mama hakumwongelesha wiki mbili nzima. Mimi nilifurahi sana, na bila kuulizwa na mtu nikajipa cheo cha fundi wa boti ya familia.

Sasa Mombasa, mjomba alikuwa anatuambia, ukitoka baharini jioni lazima uioshe injini ndani kwa maji matamu, ukiacha chumvi ilale humo umeisha. Huku kwetu akaacha hiyo tabia, akasema maji yenu haya ni ya kunywa, nioshe nini. Ni kweli hayana chumvi, lakini yana tope. Na tangu ziwa lipande 2020 likala ufuo, mahali tulikuwa tunaegesha palikuwa ni shamba la mtu lililozama, maji hayafiki hata kiunoni, chini ni matope na mizizi, ukiwasha tu propela inakoroga uji na pampu inaunywa. Ndani ya ile pampu kuna raba ya duara yenye vidole sita inayozunguka muda wote. Mchanga unaila hiyo raba kama msasa. Kufikia Desemba mkondo wetu ulikuwa umelegea, unaning'inia tu kama wa mzee wa miaka tisini.

Fundi mmoja pale ufuoni, mzee mtulivu anayefanya kazi chini ya mti na sanduku moja la spana, akasema raba imeisha, kazi ya kuibadilisha ni elfu tatu na mia tano, raba mlete wenyewe. Mjomba alikuwa ashaingiza mkono mfukoni. Nikamzuia mimi. Nikamwambia mjomba hii ni kazi ya spana mbili, nimeangalia video nne, hizo pesa tuweke mafuta. Akaniangalia kidogo. "Una uhakika baba?" Nikamwambia hata usijali.

Na wacha niseme ukweli, sehemu kubwa niliifanya vizuri, hiyo ndio inaniuma mpaka leo. Tuliisukuma boti ikapanda mchangani, nikainua injini, nikapaka oili boliti za mguu, ile sehemu ya chini yenye propela, zikalala nayo usiku kucha ndio zisikatike, asubuhi zikafunguka moja moja kwa spana ya kumi na mbili. Nikatenganisha kile chuma cha kubadilisha gia, huo mguu mzima ukashuka na ile shafti ndefu ikiwa imesimama katikati kama mshale. Nikafungua kifuniko cha pampu. Raba ilikuwa ngumu kama biskuti ya wiki iliyopita na vidole viwili havipo kabisa. Mtu wa haraka angeweka mpya akaenda zake, lakini mimi video zilikuwa zimenifunza kuuliza vile viwili vimeenda wapi, kwa sababu raba haiyeyuki, inapanda na maji inaenda kukwama juu. Nikafungua thamostati, ile vali ya joto huko juu, na nikavikuta hapo, vimejikunja kama minyoo. Nilimwita mjomba aje kuona. Nikamwita na mlinzi. Nilitamba siku hiyo jamani.

Ile raba kuukuu ilikuwa imeshikamana na shafti, nikaivuta kwa bisibisi mbili huku na huku mpaka ikachomoka kwa nguvu na kunirusha nyuma. Nikaikunja kwenye gazeti nikaingia nayo mjini kama sampuli, nikazunguka maduka ya spea mpaka nikapata inayofanana, nikarudi. Ya mpya nikaipaka sabuni ya vyombo iteleze, nikaisukuma chini huku nazungusha shafti upande wa saa ndio vidole vilale inavyotakiwa. Gasketi mpya, grisi kwenye meno ya shafti, kila boliti ikarudi mahali ilitoka, hakuna hata moja iliyobaki kwenye kifuniko cha mkebe. Si ndio watu husema, ukimaliza na boliti haijabaki basi uko sawa? Mimi pia nilisema hivyo.

Kitu kama saa tisa na nusu tukaiingiza majini, nikawasha, ikashika mara ya pili. Nikaangalia katundu. Tone. Tone tena. Halafu kamate kidogo, halafu tone. Hapo ndipo ningezima. Lakini mjomba alikuwa ashavaa jaketi lake la kuokolea na kofia, amebeba chupa ya chai na mandazi, na kando yetu kulikuwa na vijana watatu wa boti wamesimama kututazama akiwemo mmoja aliyekuwa amenicheka asubuhi. Nikatoa waya nikachokoa tundu. Tone likawa matone matatu. Nikamwambia mjomba raba ni mpya bado inazoea, ikipata mbio itafunguka.

Raba haizoei. Hakuna kitu kama hicho. Niliunda hayo maneno papo hapo kwa mdomo wangu.

Tulipita Hippo Point pole pole, jua liko upande wa kushoto, mjomba anamimina chai, na ninavyomjua alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu arudi nyumbani. Nikaongeza mafuta kidogo. Sijui dakika ngapi zilipita, sita, nane hivi, nikaanza kusikia harufu kama rangi inachomwa. Nikajifanya ni moshi wa mtu anachoma samaki nchi kavu. Halafu injini ikapungua nguvu yenyewe bila mimi kuigusa, mlio ukawa mzito, na mjomba akageuka na kikombe mkononi. Hakusema neno. Akainama nyuma akainua kifuniko akatema mate juu ya kichwa cha injini, na yale mate hayakuteleza hata, yalifanya tsss yakapotea.

"Zima."

Nikazima. Ziwa likanyamaza vibaya sana.

Sasa mwenye kujua Kisumu anajua upepo wa jioni unatoka ziwani unaelekea mjini, na gugumaji halijashika mizizi chini, linasafiri na upepo kama kundi la mbuzi. Asubuhi ghuba ni safi unaweza kujiona sura, jioni unakuta shamba. Tulikuwa na kasia moja. Mimi napiga kasia upande huu, boti inazunguka, nahamia upande ule, inazunguka kurudi, na ule ukijani unakuja tu bila haraka mpaka ukatugusa ubavu, ukatupita, ukafunga nyuma yetu. Kasia likawa linanasa kwenye mizizi kama kijiko kwenye ugali. Mjomba akaniuliza kama viboko hupenda kukaa ndani ya hayo majani. Nikamwambia sijui mjomba. Najua vizuri sana wanapenda. Akamaliza chai yake, akanipa andazi moja, nikashindwa kulimeza.

Tulikaa humo karibu masaa mawili. Waliotutoa ni wavuvi wawili waliokuwa wanaenda kutega, boti ya mbao na injini ndogo ya 15, wakaingia kwa kuinua injini yao na kusukuma kwa mti mrefu kama watu wanaovuka matope, wakatufunga kamba. Mmoja wao alinyoosha shingo kuangalia injini yetu kubwa kuliko yao, akasema kitu kwa Kijaluo, mwenzake akacheka mpaka akakaa chini. Mjomba akakataa kunitafsiria.

Pale ufuoni giza lilikuwa limeingia na yule mzee fundi alikuwa bado yuko, anafunga sanduku lake. Hakuuliza kitu. Alitazama kamba, akatazama uso wangu, akafungua sanduku tena. Mguu aliushusha kwa muda ambao mimi ningetafuta spana. Nikamshikia tochi ya simu. Akafungua kifuniko cha pampu, akasema "nyathina, angalia," yaani mwanangu, akashika shafti kwa vidole viwili akaizungusha. Shafti ikazunguka. Raba yangu mpya ikakaa pale pale imetulia kama mgeni. Akazungusha tena, shafti inapita ndani ya raba, raba haina habari.

"Kafunguo kako wapi?"

Kafunguo gani? Akakwaruza shafti kwa ukucha akanionyesha kijishimo cha nusu duara, akaniambia hapo hukaa kachuma kama nusu mwezi, hakafiki ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, nusu iko ndani ya shafti, nusu inaingia kwenye raba, ndiyo inayoikamata raba izunguke. Bila hiyo raba inaburutwa tu kidogo kwa kusuguana na shafti, inatema matone. Nikasema labda ilianguka mchangani. Mjomba akauliza basi tutaipata wapi hiyo usiku huu. Mzee hakumjibu, alikuwa ananiangalia mimi.

"Ile raba ya zamani ulitupa?"

Sikuwa nimetupa. Ilikuwa kwenye mfuko wa suruali yangu, ndani ya lile gazeti, tangu nirudi mjini. Nikaitoa, akaigeuza chini ya tochi, akaingiza ncha ya bisibisi kwenye mfereji wa katikati penye grisi nyeusi iliyoganda, na kile kinusu mwezi kikadondoka kwenye kiganja chake. Saa zote tulizokaa ndani ya gugumaji nilikuwa nimekikalia.

Akakipaka grisi kidogo kisianguke, akanipa. "Weka wewe." Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, kiliniponyoka mara moja kikaangukia mguuni pa mjomba, mara ya pili kikakaa. Tukafunga, tukasukuma boti majini, akawasha mwenyewe, na mkondo ukatoka ukamlowesha mjomba shati lote kifuani na yeye hakusogea.

Kazi ilikuwa elfu tatu na mia tano. Wavuvi walisema mia tano na soda mbili. Mjomba aliingiza mkono mfukoni, akautoa mtupu, akaniangalia.