Jumamosi chini kwa baiskeli, Jumapili juu kwa miguu

Mi ni mtoto wa Tanga, na wanaoijua Tanga wakisikia hivyo wanaelewa kwenye habari za baiskeli nasimama wapi. Kule kwetu baiskeli sio umasikini na wala sio mazoezi, ni usafiri tu, unakuta mama kavaa baibui lake, kikapu mbele, mtoto nyuma kwenye keria, anatoka sokoni anapiga kengele taratibu na hakuna anayegeuka kumwangalia. Nilijifunzia kwenye Phoenix ya baba, ile kubwa ya kiume, wakati huo kichwa changu hakijafika hata kwenye siti, kwa hiyo unapitisha mguu katikati ya fremu unapiga pedeli umejikunja kama mkia wa ng'e. Siku niliyoanguka nayo mara ya kwanza baba aliikagua baiskeli kwanza ndo akanikagua mimi.

Halafu nikaolewa Moshi.

Sasa Moshi bhana, mji wenyewe uko mita 800 na kitu, ukigeuza uso kaskazini ni kupanda tu mpaka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huko 5,895. Ukweni kwangu ni Uru, huko juu mlimani, na Uru baiskeli niliyoiona ni ya muuza maziwa na ya wakata majani ya ng'ombe, na hao nao wakipanda wanaisukuma, raha yao ni kushuka. Mwanamke akipita juu ya baiskeli watu wanageuka shingo. Wiki ya kwanza nilipoanza kuendesha, mwenzangu mmoja ofisini aliniuliza Jumatatu kwa sauti ya chini, ya huruma kabisa, "Shosti, gari mmeuza?" Nikamwambia hatujauza, iko nyumbani imelala. Akaitikia kwa kichwa ila naona hakuamini mpaka leo.

Basi saivi ni mwaka wa nne tuna utaratibu wetu. Jumamosi tunashuka chini tambarare kwa baiskeli na marafiki, Jumapili, sio zote, tunapanda Uru tunatembea kwa miguu na mama mkwe. Vitu viwili tofauti kabisa na watu tofauti, na nimechelewa sana kugundua kwamba ni safari moja. Nitaeleza.

Kundi la Jumamosi tulianza wanne. Mi na mume wangu, rafiki yangu nesi ambaye siku nyingine anatoka zamu ya usiku anakuja moja kwa moja macho mekundu (anasema akilala kwanza hatoamka), na jirani yetu mwalimu mstaafu mwenye Phoenix isiyo na gia hata moja. Baadaye watoto wakaingia, shemeji akaingia, kuna siku tunafika tisa. Ijumaa usiku mtu anaandika kwenye grupu la wasap "kesho saa 12 KAMILI", tunatoka saa 12 na nusu. Aliwahi kujiunga kijana mmoja ana saa ya mkononi inayohesabu kila kitu, mapigo ya moyo, kasi, kila kitu, alikuja mara tatu akaacha, akasema sisi tunasimama sana. Ni kweli tunasimama sana. Sheria yetu ni moja tu, wa nyuma ndo dereva, yaani mwendo ni wa yule wa mwisho, na kwa muda mrefu wa mwisho alikuwa mume wangu, Mchaga wa kupanda mlima bila kuhema lakini muweke kwenye baiskeli uone.

Kutoka mjini pale mwanzo ndo pabaya, haisi zinakata mbele yako zikiona abiria na bodaboda anatokea upande wowote anaojisikia, hapo tunaenda mstari mmoja na hakuna story. Ukishaingia upande wa Rau unaanza kupumua. Msitu wa Rau uko karibu na mji kiasi kwamba wageni hawaamini, ni msitu unaoishi kwa maji ya chini ya ardhi, chemchem zinatoka kila mahali, ndo maana chini huku kwenye joto una miti mikubwa vile. Kuna mivule ya kuwekea shingo nyuma mpaka kofia inadondoka, kuna mti unaitwa msoo ambao sehemu za kuukuta duniani ni chache sana, na kuna mbega, wale weusi wenye koti jeupe, wanaruka juu huko mkia unafuata kama shuka. Ni hifadhi, kwa hiyo kuingia ndani mnalipia, sisi mara nyingi tunapita pembezoni tu. Asubuhi ile kuna ubaridi wa msituni unaokupiga usoni kwa dakika kumi hivi, alafu ghafla unatoka kwenye kivuli na mbele yako ni mpunga. Kijani mpaka macho yanauma. Ndo Mabogini hiyo.

Hapo kwenye mpunga ndo mimi nabadilika naongea peke yangu. Njia ni tambarare kabisa, mfereji kulia, majaruba kushoto, yangeyange wamesimama weupe kama watu waliosusa, na ukigeuka nyuma mlima wote huo hapo, Kibo na Mawenzi, kama hujachelewa. Ikifika saa nne unajifunika mawingu na ndo basi mpaka jioni. Ule mpunga sio wa bahati, skimu ya umwagiliaji ilijengwa kwa msaada wa Japani ikakamilika 1987, maji yanatoka chemchem ya Njoro na mto Rau. Mwalimu mstaafu anakumbuka kabla yake palivyokuwa, anasema sehemu kubwa ilikuwa vichaka na vumbi, na kila tukipita anasimulia upya na sisi tunasikiliza upya. Mpunga ukianza kukomaa unakuta watoto na vijana wanafukuza ndege wa kwelea toka alfajiri, wana kombeo na makopo na sauti, sauti ile ya kupiga kelele siku nzima, wanangu wakiwaona wanapunguza malalamiko yao ya kuamshwa mapema.

Tunafika hadi Chekereni, siku za nguvu tunazungukia upande wa mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, joto huko sio la mchezo. Kuna siku tulikuta treni inapita, hii ya Dar iliyorudi Desemba 2019 baada ya miaka mingi reli kuota majani, tukasimama wote tukapunga mikono kama wendawazimu, watu wazima na heshima zetu, na dereva akapiga honi.

Pancha sasa. Huku chini miba ya migunga haina adabu. Mwanzoni tulikuwa tunategemea fundi anayekaa chini ya mwembe, ana beseni lake la maji, anazamisha tyubu, anatafuta mapovu, anakwaruza na msasa, anapaka solusheni anaipulizia kidogo, anabandika kiraka anagonga gonga, buku yako anachukua. Nimemtazama mara nyingi mpaka saivi na mimi natembea na tyubu ya ziada, pampu na kisanduku cha viraka kwenye mkoba wa siti. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huo huo, nguo za bei na kofia za kung'aa zitakuja baadaye, pampu kwanza.

Jumapili ni kitu kingine. Mama akishatoka misa ya kwanza tunakunywa chai alafu anachukua fimbo yake na yeboyebo zake, kanga kiunoni, "haya twendeni". Mimi na raba zangu za mazoezi nateleza, yeye na yeboyebo anaelea. Udongo wa Uru ukinyeshewa ni sabuni. Tunapita vichochoro vya vihamba, yale mashamba ya kuzunguka nyumba, ndizi juu, kahawa chini yake, mti wa mringaringa juu ya vyote, mfongo, yaani mfereji wa kienyeji, unapita pembeni maji yanakimbia, wazee wa Kichaga waliichimba hiyo mifongo kwa jembe na kwa macho tu kupima mteremko na mingine inatumika mpaka leo. Kwa ramani ya simu ni kilomita sita. Tunatumia saa nne. Kwa nini? Salamu! Kila geti ni "shimboni mae", "shicha", mama anauliza ng'ombe kazaa nini, mtoto wa Dar kapiga simu, goti linaendeleaje, na mgonjwa akiwepo tunaingia ndani. Mzee mmoja karibu na kilabu cha mbege kila akiniona anasema huyu Mtanga bado hajajifunza kunywa, na kila mara najibu nipo mwaka wa kwanza.

Mwanzoni ilinichosha kusema ukweli. Nilitaka tutembee tutembee, mapigo ya moyo yapande. Kama yule kijana wa saa. Mpaka nikaanza kuona kwamba mama nyumbani haongei na mimi, ananipa maagizo, chumvi iko wapi, sufuria ipi. Njiani anaongea. Sijui ni kwa vile hatutazamani, wote tunaangalia tunapokanyaga, lakini njiani ndo alinieleza alivyoolewa, aliyemzika, mpaka wa kiwanja gani uligombewa na nani. Na ndo njiani, kwenye kona moja, alinionyesha masale, yale majani marefu ya mpakani ambayo mi nilidhani ni maua ya kupendezesha. Akasema ukimkosea mtu ukampelekea isale, hawezi kukukataa. Nikasema sawa mama, tukaendelea.

Mwaka jana mwezi wa saba binti yangu akadumbukia mfereji wa Mabogini na baiskeli yake. Breki nilikuwa nimezifungisha siku mbili nyuma kwa fundi mmoja mjini, simtaji, ye mwenyewe anajijua, na waya ulichomoka kwenye kona. Mtoto alitoka na mkono kutenguka na matope mpaka masikioni, nesi wetu akaufunga pale pale na kanga tukaenda hospitali, baada ya wiki tatu akawa mzima. Lakini mama aliposikia alinipigia simu. Akasema mtoto wa kike baiskeli ya nini, huko kwenu Tanga ndo mlivyolelewa hivyo. Na mimi nikajibu. Sitaki kuandika nilichojibu.

Jumapili mbili sikupanda. Mume wangu alipanda peke yake akirudi hasemi kitu, anaweka ndizi jikoni analala. Ya tatu nikapanda, nikashuka kwenye haisi kabla ya kituo chetu, nikaenda kwenye ile kona, nikamuomba mwenye kihamba jani moja. Aliniangalia usoni akaangalia mkono wangu, akanikatia bila kuuliza. Nilivyofika mama alikuwa anamenya ndizi za mtori, nikampa kwa mikono miwili, nimesahau maneno yote niliyopanga kwenye gari. Akalishika akaligeuza geuza. "Nani kakufundisha hii?" Nikasema si wewe mama, pale konani. Akacheka mpaka akaweka kisu chini. Mtori ule nilikula bakuli mbili, na hakuna aliyegusia tena ile simu.

Wiki chache baadaye akasema anataka kuona hiyo sehemu mtoto alipoangukia. Tukamshusha na gari mpaka Mabogini, sisi tukaja na baiskeli, akasimama ukingoni mwa mfereji na fimbo yake anaangalia maji yanavyoingia kwenye majaruba. Akauliza haya maji yanatoka wapi. Mwalimu mstaafu akasema mengine ni mto Rau, yanatoka kwenu juu huko. Mama akanyamaza, alafu akauliza na yakitoka hapa yanaenda wapi. Hapo nikajibu mimi, kwa sababu hiyo ni jiografia ya nyumbani: yanayobaki yanaenda bwawa la Nyumba ya Mungu, yakitoka hapo ni mto Pangani, yanapita Korogwe, Hale, mpaka Pangani yenyewe yanamwagika baharini. Kwetu. Mi nimekua navuka ule mto kwa pantoni na sijawahi kujiuliza unaanzia jikoni kwa nani.

"Kwa hiyo nyie mnakunywa maji yetu miaka yote," mama akasema, "na shukrani hamjawahi kuleta."

Nesi alicheka mpaka baiskeli ikamwangukia.

Toka siku hiyo anadai apelekwe Pangani akaone yanavyofika. Tumepanga Desemba watoto wakifunga shule, baiskeli mbili juu ya gari na yeye siti ya mbele, nimeshamwambia dada yangu aandae godoro. Mama ana sharti moja, kule kwenye tambarare ya kwetu na yeye apakiwe kwenye keria, kwa sababu eti hajapakiwa toka akiwa msichana na mimi ndo nimemletea hamu. Nimepita dukani jana kuulizia keria ya chuma na kijimto cha kukalia. Mume wangu anasema huwezi kumbeba mama yangu. Nimemwambia tutaona, ila kwa usalama Jumamosi hii naanza kufanya mazoezi na gunia la mchele.