Matete ya Babu wa Mchicha

Tarehe 9 Desemba 2015 hapakuwa na gwaride. Rais Magufuli, aliyekuwa na mwezi mmoja tu Ikulu, alifuta sherehe za Uhuru akataka watu washike mafagio, maana kipindupindu kilichoingia Dar es Salaam mwezi Agosti kilikuwa bado kinaua. Kwetu Kigogo, mtaa wa jiji hilohilo, hatukuhitaji kuhimizwa. Saa moja asubuhi vijana wa mtaa tulikuwa ukingoni mwa Mto Msimbazi, wenye gambuti na wasio nazo, na reki, makoleo na mafyekeo mabegani.

Mto ule unaanzia kwenye vilima vya Pugu, kule Kisarawe. Ukifika kwetu umeshabeba ya kila mtu wa juu: chupa, mifuko ya rambo, pampasi, magodoro. Maji yenyewe yaligeuka rangi kutwa mara mbili, kutegemea nani huko juu amefungulia bomba lake. Na sisi tuliongeza ya kwetu, yakateremka Jangwani hadi baharini pale daraja la Selander. Nasema hivi kwa sababu siku ile wengi tulizungumza kana kwamba uchafu wote umetoka Tabata.

Takataka tulizitoa, mikokoteni ikazipeleka barabarani. Mpaka saa tano kazi hiyo ilikuwa imekwisha, na ukingo ulikuwa umeng'aa nisivyowahi kuuona.

Yakabaki matete. Yalikuwa safu ndefu kandokando ya maji, yamempita mtu urefu, na mashinani yamenasa mifuko iliyochanika. Mmoja akasema humo ndimo wanamolala mbu na kujificha vibaka, basi yafyekwe. Nikaanza mimi. Nilikuwa na miaka 22, naupenda mtaa wangu, na nilifyeka kwa nguvu zangu zote nikijua nausafisha.

Tulikuwa tumefyeka kama hatua ishirini hivi alipotokea mzee tuliyemwita Babu wa Mchicha, kwa sababu ya matuta yake ya mchicha kule bondeni. Alikuja anakimbia, keni ya kumwagilia bado mkononi, akasimama katikati ya fyekeo langu na matete.

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba. Hebu weka hilo chini kwanza, mjukuu wangu.”

Nikaliweka. Akachuchumaa, akachimbua shina moja kwa vidole akanionyesha mizizi. Ilikuwa imesukana kama ukili, na udongo umeng'ang'ania ndani yake hata alipoitikisa.

“Hii ndiyo inayoshika ardhi mnayoikanyaga,” alisema. “Maji yakija na hasira, yakikuta matete yanapunguza mwendo, yanatua tope, yanapita. Yasipoyakuta, yanakula udongo. Mwaka ule wa mafuriko mlikuwa wapi?”

Hakuna asiyejua alikokuwa. Desemba 2011, siku chache kabla ya Krismasi, mama alitupandisha juu ya bati mimi na wadogo zangu, tukakaa huko mpaka kulipokucha. Jiji lilipoteza watu zaidi ya 40. Majirani zetu wa upande wa chini walihamishiwa Mabwepande, na hatukuonana nao tena kila siku kama zamani.

Hata hivyo, hatukushawishika. Tuliacha kufyeka kwa heshima ya mvi zake tu, kisha tukaenda zetu kunywa chai. Nilipogeuka nilimwona bado amesimama palepale.

Mvua kubwa ilinyesha usiku, siku chache baadaye. Alfajiri nilishuka bondeni na tochi. Zile hatua zetu ishirini hazikuwepo. Ukingo ulikuwa umemeguka wima kama mkate uliokatwa, na choo cha nyumba moja ya wapangaji kimekwenda na maji, mlango wake wa bati ukining'inia kwenye kamba ya nguo. Hatua moja tu mbele, pale Babu alipotuzuia, matete yalikuwa yamelalia upande mmoja kama nywele zilizochanwa, yamejaa tope, na ardhi chini yake imetulia. Mpaka kati ya pande hizo mbili ulikuwa mstari ulionyooka. Ningeweza kuuonyesha kwa kidole mahali fyekeo langu lilipokomea.

Mwezi uleule tingatinga ziliteremka bonde la Msimbazi kubomoa nyumba na alama za X nyekundu zikajaa kwenye kuta. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe. Nakubaliana na mita hizo. Lakini niliona wanaondolewa watu na kubaki kifusi, na kifusi hakina mizizi.

Nilimfuata Babu matutani nikamwomba msamaha. Hakunisemesha sana. Aliniuliza kama nina jembe, kisha akanionyesha namna ya kung'oa mashina kutoka pale yaliposongamana, kuyapunguza majani, na kuyapanda kwenye tope bichi, hatua moja baina ya shina na shina, safu mbili zinazopishana. Wakaja wenzangu wawili, halafu yule mpangaji aliyepoteza choo. Tulipanda mpaka adhana ya magharibi. Mbele yetu tuliweka viroba vya mchanga ili maji yasituharibie kazi kabla mizizi haijashika.

Masika yalipoanza, matete yale yalikuwa yamenifika kifuani.