Ile stika niliituma mara mbili

Nianze na langu kabla sijawasema wengine. Kuna grupu la watu tuliosoma pamoja, mnazijua hizi grupu, asubuhi salamu, mchana vichekesho, usiku ubishi wa mpira, sasa siku moja mtu akachukua picha ya mwenzetu mmoja, picha ya sherehe, mdomo wazi jicho moja limefumba, akakikata kichwa akatengeneza stika, chini kaandika neno ambalo sitalirudia hapa. Tukacheka. Mi mwenyewe niliituma mara mbili, ya kwanza mtu aliuliza nani hajachangia, ya pili sikumbuki hata kwa nini, ilikua ipo juu kwenye stika za karibuni kidole kikaigusa.

Wiki ile stika ikawa ndo jibu la kila kitu. Akiandika kitu cha maana, stika. Akikaa kimya, anaulizwa "upo?" halafu stika. Alisema mara moja tu, "jamani hiyo picha naomba muiache", zikamiminika stika mfululizo na admini akaandika "utani tu huo dada, usikasirike". Usiku akalefti. Mtu akamrudisha, akalefti tena. Baada ya hapo namba ngeni zikaanza kumfuata inbox na hiyo hiyo stika, na kazini kwake ikafika, hii ya kazini nimekuja kuijua juzi tu.

Nimeijua kwa sababu alinitafuta mwenyewe. Meseji fupi: "Una zile chati za grupu bado? Mi nilifuta zote." Hakuna salamu wala nini. Nikamwambia ngoja nitafute, halafu badala ya kutafuta nikakaa kusoma sheria usiku kucha, nadhani nilikua naangalia mimi nasimama wapi.

Lile neno "utani tu" ndo limenikaa kichwani, maana sheria nyingi zinageukia hapo hapo. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu moyoni, na adhabu yake sio ya mchezo, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote kwa pamoja. Ila ona hiyo "kwa nia". Mtu ataapa mbingu na ardhi alikua anacheka tu. Kenya wameiandika kivingine, sheria yao ya 2018 kifungu cha 27 inamshika anayejua au aliyepaswa kujua kwamba anachofanya kinamuathiri mwenzake vibaya, awe peke yake au na wenzake, na hata kama ujumbe hakumtumia muathirika mwenyewe bali mtu anayemfahamu. Adhabu inaweza kufika milioni 20 za kule au miaka 10. Nilipofika hapo pa "aliyepaswa kujua" nikaweka simu chini. Mtu ameshasema naomba muiache, utasema hukujua nini tena?

Japani walijifunza kwa gharama kubwa. Hana Kimura, mwanamieleka wa miaka 22 aliyekua anaonekana kwenye kipindi cha televisheni, alifariki Mei 2020 baada ya kuandamwa mtandaoni kwa maneno ya chuki, alijiua, na mmoja wa waliomtukana alipigwa faini ya yeni 9,000, hela ambayo mtu anaitoa mfukoni anaendelea na siku yake. 2022 wakabadilisha sheria ya matusi, sasa inafika kifungo cha mwaka 1 au faini ya hadi yeni 300,000.

Lakini mi sio wa kushangilia kila sheria, tusidanganyane. India walikua na kifungu cha 66A kwenye sheria yao ya teknolojia ya habari, kilichomfanya mtu mhalifu hata kwa kutuma kitu cha kukera tu, sasa kukera nani asiyemkera mtu? Watu wakawa wanakamatwa kwa posti za kawaida za kukosoa wakubwa, mpaka Mahakama ya Juu ya kule ikakifuta Machi 2015. New Zealand ndo nimewapenda, sheria yao ya 2015 inataka malalamiko yapite kwanza kwa taasisi inaitwa Netsafe, wanajaribu kusuluhisha, ikishindikana ndo unaenda mahakamani, na mahakama inaweza kuamuru kitu kitolewe na hata mtu aombe radhi. Maana kusema kweli wengi wanaoonewa hawataki mtu afungwe, wanataka tu ikome.

Ila sheria zote hizo zinauliza ushahidi, na hapo ndo dada yetu alipokwama. Alifanya ambacho wengi tungefanya, alifuta, alizifungia zile namba, akabadilisha simu. Nani anataka kulala na hiyo takataka kwenye simu? Kwa hiyo kama yanakukuta, piga skrinshoti KABLA ya kuripoti, maana ukiripoti posti ikaondolewa na wewe umeikosa. Tarehe na saa zionekane. Halafu kuna kitu watu hawakijui, ukiwa umesevu namba ya mtu, skrinshoti inaonyesha jina ulilompa wewe, "Juma Fundi" hata hakimu hamjui, fungua profaili yake upige na pale inapoonekana namba kamili. Kama ni posti, kopi na linki yake. Na usiikate wala kuichorachora, iache ilivyo, mtumie na mtu mwingine unayemwamini akutunzie.

Mimi chati nilikua nazo zote, sijawahi kusafisha simu tangu niinunue, uvivu tu. Nikapanda juu mpaka siku ile ya kwanza, nikaanza kupiga moja moja. Aliyetengeneza yumo, admini na "utani tu" yake yumo, na ya kumi na moja kushuka nimo mimi, stika niliyoituma kwa mkono wangu, 9:42 usiku. Nyingine iko mbele kidogo. Nilikaa na kile kitufe cha kukata picha muda mrefu, ilikua ni kuvuta tu kidogo kwa chini napotea.

Nimemtumia zote zilivyo, 34. Ameandika "nimepokea".