Magari Si Mimi Niyaletaye: Nilivyojifunza Kuwawekea Watu Malengo na Kuwapima

Msimu mpya wa korosho bado haujafunguliwa. Huu ndio wakati ambao maghala ya hapa Mtwara hufagiliwa, chaga za kupangia magunia hurekebishwa, na mimi hukaa na watu ninaowasimamia, mmoja baada ya mwingine, tukaandikiana malengo ya miezi ijayo. Nimekuwa msimamizi wa ghala kwa misimu saba. Katika kazi zote za usimamizi, hii ya kumwekea mtu lengo na kisha kumpima kwa lengo hilo ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi kuijua, na katika kuijua nilimdhulumu mtu asiyestahili. Ninaandika nikiwafikiria hasa wale wanaokabidhiwa watu kwa mara ya kwanza, wakapewa na fomu ya tathmini, bila kuelezwa fomu hiyo inamfanya nini mtu anayeandikwa humo.

Kwa asiyeijua kazi yetu, nieleze kwa ufupi. Korosho ghafi huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, uliopo kusini tangu msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi cha ushirika, chama huzisafirisha hadi ghala kuu, na ghala kuu huzipima uzito, hukagua ubora, kisha hutoa stakabadhi. Mnadani wanunuzi hushindania mzigo ulioandikwa kwenye stakabadhi hizo, na aliyeshinda huja kuuchukua. Kuanzia karani anapotia saini, ghala linadaiwa kilo zile zilizoandikwa na ubora ule ulioandikwa. Kwa hiyo watu wawili wanabeba jina la ghala zima: anayesimama kwenye mizani na anayekagua ubora.

Katika msimu wangu wa kwanza, mwenye mizani alikuwa mzee aliyeifanya kazi hiyo tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nilimwekea lengo moja, nikaliona ni zuri kwa sababu lilikuwa na namba: apokee magari 12 kwa siku. Namba hiyo niliipata kwa kuangalia siku moja ambayo tulikuwa na magari mengi, nikadhani kwamba kilichowezekana siku moja kinawezekana siku zote. Sikumwuliza chochote. Nilimsomea akiwa amesimama, akaitikia, akarudi kazini.

Msimu ulipokwisha nilijumlisha magari, nikagawa kwa siku, nikapata wastani ulio chini ya lengo, nikaandika "chini ya kiwango". Nilimwita ofisini, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikampa karatasi. Alivaa miwani yake, akasoma taratibu mstari hadi mstari, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye mfuko wa shati. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Magari si mimi niyaletaye, mwanangu. Mimi naletewa."

Sikuwa na jibu. Gari linaondoka Newala au Tandahimba pale chama cha msingi kinapokuwa kimekusanya mzigo wa kutosha, msafirishaji anapokuwa na gari zima, na barabara inapopitika. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa mikononi mwa mzee yule. Nilikuwa nimempima kwa kazi za watu wengine, nikamtia yeye alama.

Jambo lililoniumiza zaidi nililigundua wiki chache baadaye, tulipokuwa tukifunga hesabu za mizigo iliyotoka. Korosho hukauka ikiwa ghalani na uzito wake hupungua kidogo, hilo linajulikana na lina nafasi yake katika hesabu. Lakini kulikuwa na zamu ambazo upungufu ulizidi sana kiasi hicho, na zamu za mzee hazikuwamo. Nilianza kufika ghalani mapema ili nione anafanya nini. Kila asubuhi, kabla gari la kwanza halijaingia, alikuwa akiifuta mizani kwa kitambaa, anaitazama ikiwa tupu mpaka aridhike kwamba inasoma sifuri, kisha anapandisha mawe ya kilo 20, moja kwenye kila pembe, na kusoma pembe moja baada ya nyingine. Pembe ikisoma tofauti, hafungui kazi mpaka irekebishwe. Shughuli hiyo ilichukua karibu nusu saa, na ndiyo nusu saa ambayo wenzake waliitumia kupokea gari moja zaidi. Katika fomu yangu, gari lile moja lilikuwa na mahali pa kuandikwa, na ile nusu saa ya mawe haikuwa nayo.

Upande wa ubora, lengo lilelile la haraka lilileta madhara ya namna nyingine. Binti aliyekuwa mkaguzi wetu alijua kwamba foleni ya magari inahesabiwa, akaanza kuchukua sampuli kwenye magunia ya juu tu, yale yaliyo karibu na mkono. Sampuli ya korosho ikichukuliwa inavyostahili hutoka kwenye magunia ya juu, ya kati na ya chini, huchanganywa, kisha korosho hukatwa katikati moja moja ili kuona kiini kilicho kizuri, kilichonyauka na kilichooza, na mwishowe hukadiriwa ni ratili ngapi za kiini zitapatikana katika gunia la kilo 80. Mzigo mmoja ulioingia baada ya mvua za Desemba ulikuwa mkavu juu na wenye unyevu katikati. Ukungu uliuanzia ndani. Binti yule alipata onyo la maandishi. Leo ninaona kwamba onyo lile lilikuwa lisomwe na watu wawili, yeye na mimi niliyemfundisha kwa namba zangu kwamba haraka ndiyo inayotazamwa.

Simaanishi kwamba namba ni mbaya. Lengo lisilo na kipimo ni baya zaidi, maana huziachia hisia za msimamizi kuamua nani amefanya vizuri. Mwaka 1975 watafiti wawili, Gary Latham na James Baldes, walichapisha matokeo ya jambo walilolifuatilia kwa madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, Marekani. Malori yalikuwa yakipakiwa kiasi cha asilimia 60 tu ya uzito ulioruhusiwa kisheria, na kuwahimiza watu wajitahidi kadiri ya uwezo wao hakukubadilisha kitu. Walipopewa lengo mahususi la asilimia 94, mizigo ilipanda hadi kukaribia asilimia 90 na kubaki huko, bila nyongeza ya malipo. Mimi hukitazama kisa hiki kwa jicho la mtu wa ghala. Naamini namba ilifanya kazi pale kwa sababu kiasi cha magogo kilitegemea uamuzi wa wapakiaji wenyewe. Ingekuwa lengo ni idadi ya miti itakayokatwa na watu wengine msituni, wangebaki wakilitazama kama mzee wangu alivyoyatazama magari 12.

Tangu hapo, kabla ya kuandika lengo lolote humwuliza mhusika swali moja: katika jambo hili, ni kipi ambacho wewe mwenyewe ukiamua kukifanya kesho asubuhi kitafanyika, na usipoamua hakitafanyika? Jibu la swali hilo ndilo tunaloligeuza kuwa lengo. Lengo la mzee kwa msimu uliofuata liliandikwa hivi: "Mizani ihakikiwe kwa mawe kwenye pembe zote nne kila siku ya kazi kabla ya saa moja na nusu asubuhi na matokeo yaandikwe daftarini, na kila gari liwe na karatasi ya uzito iliyotiwa saini na dereva na mwakilishi wa chama cha msingi kabla gunia la kwanza halijapangwa." Hakuna neno "bidii" humo, wala "uadilifu", wala "ushirikiano". Mtu yeyote akifungua daftari anaweza kuona limetimia au halijatimia, hata kama hampendi mzee au anampenda kupita kiasi. Kwa mkaguzi wa ubora tuliandika idadi ya magunia ya kutolewa sampuli kwa kila gari na mahali yatakapotoka, tukafuta kabisa hesabu ya foleni kwenye fomu yake. Foleni nikaihamishia kwangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayeweza kuongeza mtu wa zamu ya jioni au kuongea na vyama ili wapishane siku za kuleta mzigo.

Sheria yetu, kwa bahati njema, inasaidia kulifikiria jambo hili. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika sehemu inayohusu kumwachisha mtu kazi kwa utendaji hafifu, zinataka yaangaliwe mambo haya: je, kweli mfanyakazi hakufikia kiwango, je, alikijua kiwango hicho, je, kiwango chenyewe kilikuwa cha haki, ni sababu gani zilizomfanya asikifikie, na je, alipewa nafasi ya kutosha ya kujirekebisha. Wengi huyasoma haya siku mambo yamekwisha kuharibika na wakili ameshaitwa. Mimi huyasoma Agosti. Lengo ambalo halipiti katika maswali hayo mwanzoni mwa msimu halitapita mwishoni, na ni afadhali nilibadilishe likiwa bado karatasi tupu.

Sasa nije kwenye kupima kwenyewe. Wiki za mwisho za msimu wetu ndizo ngumu kuliko zote: mvua zimeanza, turubai zinavuja, makuli wamechoka, kila mtu ana hasira. Msimamizi anayefanya tathmini mwezi Machi kwa kutegemea kumbukumbu atakuwa anaipima Januari peke yake. Karani aliyefanya kazi safi kuanzia Oktoba, kisha akakosea stakabadhi moja siku ya mvua kubwa, ataandikwa mzembe. Na aliyelegea miezi mitatu akachangamka wiki mbili za mwisho ataandikwa hodari. Kwa hiyo nina kaunta buku lenye kurasa kadhaa kwa kila mtu, na kila Ijumaa kabla sijafunga ofisi huandika sentensi mbili au tatu: tarehe, kilichotokea, na nilichomwambia. Hiyo ya tatu ndiyo muhimu. Ikiwa niliona kosa na sikumwambia, sijipi ruhusa ya kulitumia dhidi yake kwenye tathmini, kwa sababu nilimnyima muda wa kulirekebisha. Katikati ya msimu, kama wiki ya pili ya Desemba, hukaa na kila mmoja robo saa tukatazama malengo yake. Yakiwa hayawezekani tena kwa sababu zisizo zake, huyarekebisha na wote wawili tukatia saini.

Ndugu yangu ni muuguzi katika zahanati moja ya Lindi vijijini, nasi huzungumza sana kuhusu haya. Serikalini walikuwa na OPRAS, fomu ndefu ya kupima utendaji iliyojazwa kila mwaka wa fedha, na sasa wanatumia PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake kwenye mfumo na msimamizi wake huyapitisha. Yeye anaupenda mfumo mpya kwa kuwa kazi yake inaonekana inapofanyika. Ninakubaliana naye, ila huwa namwambia kwamba hakuna mfumo utakaomwuliza swali langu la kesho asubuhi kwa niaba ya msimamizi wake.

Lipo jambo gumu ambalo halimo katika fomu yoyote. Mji wetu ni mdogo. Mtu ninayemwandikia "chini ya kiwango" leo, kesho nitakuwa naye msibani Chikongola, na mkewe atakuwa ameketi mkeka mmoja nami. Wengi wetu tumeikwepa fedheha hiyo kwa kumpa kila mtu "vizuri sana". Naelewa kwa nini, na nimewahi kufanya hivyo. Lakini niliona matokeo yake kwa karani mmoja kijana, ambaye misimu miwili mfululizo alisifiwa na kila mtu usoni, na wa tatu hakuitwa tena kazini. Alikuja kuniuliza kosa lake lilikuwa lipi. Kosa lilikuwepo, lilikuwa dogo na la kurekebishika, na hakuna aliyemwambia kwa sababu sote tulikuwa tunamheshimu mama yake. Siku hizi humwambia mtu kosa lake akiwa peke yake, nimeketi na yeye ameketi, kamwe si mbele ya makuli. Akiwa mkubwa wangu huanza kwa shikamoo na sipunguzi neno lolote la kile kilichoandikwa. Sijaona mzee aliyekasirishwa na ukweli aliouelezwa kwa adabu na ulioandikwa kwa tarehe. Niliowaona wakikasirika ni wale walioambiwa jambo la Oktoba mwezi wa Machi.

Juma lililopita ilikuwa zamu ya mzee wa mizani. Alikuja na karatasi yake mwenyewe, iliyokunjwa mara mbili kama ile ya kwanza, ameandika kwa kalamu ya bluu kwamba macho yake yanachoka na kwamba lengo lake la msimu huu ni kumfundisha kijana mmoja kazi ya mizani mpaka aweze kuachiwa. Nikamwuliza tutajuaje kwamba ameiweza. Akasema, "Utaniuliza mimi." Nikamwambia, "Baba, nikikuuliza wewe tutakuwa tumekupima kwa maneno." Alifikiri, akapendekeza kwamba kijana apime magari matatu peke yake huku yeye akiyapima tena bila kuona karatasi ya kwanza, kisha tulinganishe. Hatujakubaliana tofauti ya kilo ngapi itahesabika kuwa ni kosa. Yeye anataka sifuri, mimi naona hiyo itamvunja kijana moyo. Nafasi hiyo kwenye fomu tumeiacha wazi, na Alhamisi tunakaa tena, safari hii kijana mwenyewe akiwepo.