Kukimbia Bila Msiba

Leo nimekimbia kushuka hadi stesheni ya reli na kupanda hadi Mwanga, hapa Kigoma, bila kutembea hata nguzo moja ya umeme. Naandika kabla sijaoga, shungi bado limeloa, kwa sababu nikishakaa kwenye cherehani nitaingia kwenye magauni ya watu na asubuhi hii itanipita hivi hivi.

Nina miaka 54. Nilianza kukimbia mwaka jana, mvua za Mei zilipokatika, na chanzo chake ni presha. Kichwa kilikuwa kinagonga kila jioni, nikadhani ni macho. Fundi gani hasumbuliwi na macho? Kipimo kikasoma 158 kwa 96. Muuguzi akaniambia nitulie kwenye benchi, akapima tena. Nikarudi siku nyingine, na nyingine. Haikushuka. Nikaandikiwa kidonge kimoja kila siku, nikaambiwa nipunguze chumvi, halafu akaniuliza kazi yangu.

"Fundi cherehani."

"Basi unakaa sana."

Nikamwambia miguu yangu haijakaa tangu mwaka 1994, nakanyaga kutwa. Akaniangalia kwa upole, akasema, "Miguu inakanyaga, mama, lakini moyo umekaa."

Neno lile lilinifuata hadi nyumbani. Kesho yake nikaanza kutembea. Naishi Mwanga, kwa hiyo kutembea ni kuteremka Barabara ya Lumumba kuelekea ziwani, halafu kuupanda mlima uleule kurudi. Wiki mbili nilitembea. Asubuhi moja barabara ilikuwa tupu, hakuna bodaboda, hakuna mtu, na mteremko ulikuwa unanivuta. Nikakimbia. Kutoka nguzo moja ya umeme hadi ya pili, basi.

Milango mitatu ikafunguka.

Bibi mmoja ambaye nyumba yake imekaa pembeni kabisa ya barabara alitoka ameshika khanga kichwani. Hakuniuliza kuna nini. Aliniuliza, "Ni nani?"

Anayesoma hapa akiwa amekulia kwetu ameshaelewa. Mtoto akikimbia anacheza. Kijana akikimbia, ni mpira au mazoezi. Mwanamke wa umri wangu akikimbia barabarani alfajiri, kuna mtu amekufa au yuko mbioni kufa, na kinachobaki ni kujua jina. Nikamwambia, "Hapana, bibi, hakuna msiba, nanyoosha viungo." Aliniitikia, lakini hakurudi ndani. Alisimama pale akinitazama hadi nilipopotea kwenye kona.

Sikumlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe mara ya mwisho kukimbia nilikuwa natafuta gari.

Ilikuwa usiku, mwaka 2016. Baba watoto aliamka kunywa maji, kikombe kikamponyoka. Nikawasha taa, nikaona mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Nilitoka peku, khanga moja, nikakimbia kwenda barabara kuu. Nakumbuka changarawe chini ya nyayo na nakumbuka nilikuwa nataka kupiga kelele lakini pumzi haikutosha kufanya vyote viwili, kukimbia na kuita. Gari lilipatikana baadaye sana. Alikaa siku mbili, akaondoka. Kwa miaka yote hii sikuwahi kumwambia mtu kuhusu ile pumzi. Watoto wanajua gari lilichelewa. Hawajui kwamba nilifika barabarani sina sauti, nikapunga mikono tu gizani.

Ndiyo maana wiki za kwanza zilikuwa ngumu kwa namna ambayo sikuitarajia. Magoti hayakunisumbua. Ila moyo ukianza kwenda mbio, mwili ulikuwa unaikumbuka safari ile. Nafika nguzo ya tatu, kifua kinabana, na kitu ndani yangu kinasema: umechelewa. Asubuhi mbili au tatu nilisimama kando ya barabara nikalia, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu.

Aliyenitoa hapo ni mzee jirani, mwalimu mstaafu wa michezo. Kila asubuhi akitoka kuswali anakaa barazani kwake, na mimi lazima nipite mbele yake. Siku moja nikampa shikamoo huku nahema, neno likakatika katikati. Akanisimamisha.

"Fundi, unamkimbia nani?"

Nikasema hakuna.

"Basi kimbia kama mtu asiyekimbizwa. Ukipita hapa unisalimie salamu yote. Shikamoo Mwalimu, umeamkaje, na mama hajambo? Ukishindwa kuimaliza, unakwenda kasi. Punguza."

Nilidhani ananitania, kumbe ananifundisha. Nikaanza kukimbia taratibu mno, kiasi kwamba wanafunzi wenye madaftari walikuwa wananipita wakitembea. Nguzo moja nakimbia, mbili natembea. Baada ya wiki tatu, moja nakimbia, moja natembea. Halafu mbili nakimbia, moja natembea. Na kila nikipita barazani natoa salamu yote, hadi ya mama, naye anajibu yote bila haraka, hata kama nimeshampita. Ilichukua muda kuelewa alichonipa. Nilikuwa nakimbia na bado nina sauti.

Wiki ya saba nikaharibu. Nilijiona nimeweza, nikaongeza nguzo kumi kwa mkupuo, nyingi zikiwa za mteremko. Kupanda mlima kunakula pumzi, lakini kushuka ndiko kunakogonga mifupa. Maumivu yakaanza mbele ya muundi, kwa ndani, mstari mwembamba kama sindano ya mashine iliyopita kidoleni. Mwalimu akaniambia pumzi inajengeka upesi, ila mfupa na kano huja nyuma polepole, na mtu mzima lazima avisubiri. Wiki mbili nikawa natembea tu. Niliporudi nikahamia kwanza barabara ya Ujiji, mbali na mteremko ule, hadi mguu ulipotulia.

Nguo nimejishonea. Hili nalifurahia kuliko yote, niacheni nilieleze. Suruali pana ya kitambaa cha jezi, juu yake gauni la kufika magotini lenye mipasuo miwili ubavuni, na shungi fupi la kufungia nyuma ili lisipeperuke. Gauni la kwanza lilinichubua kwapa hadi damu, maana kwenye mashine mkono unakwenda mbele tu, kumbe mtu akikimbia mkono unarudi nyuma sana na mshono unasuguana na ngozi. Nikafumua. Nikaweka kipande cha umbo la almasi chini ya kwapa na kuupeleka mshono pembeni. Sasa hivi nimeshashonea wanawake wanne gauni hilohilo. Wawili kati yao sijui kama wanakimbia. Hawajasema na sijawauliza.

Raba ni za mtumba, elfu 25 hapa sokoni. Nilizigeuza kama ninavyogeuza kitambaa. Mwenyewe wa kwanza alikuwa anakanyagia upande wa nje, soli ilikuwa imeliwa huko kisiginoni, nikaziacha, nikachukua jozi nyingine ambayo soli yake imelika sawasawa.

Halafu kuna giza. Kigoma tuko magharibi kabisa ya nchi lakini saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam. Mdogo wangu yuko Dar, akinipigia saa 12 na nusu anasema kwao kumekucha. Kwangu, mwezi wa Juni na Julai, jua linachomoza saa 1 imeshapita. Nikingoja mwanga nachelewa wateja. Kwa hiyo natoka gizani baada ya swala, na giza lenyewe limenionyesha kitu nilichoishi nacho miaka yote bila kukitazama. Usiku usio na mwezi, ukiteremka Lumumba unaona ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa, mamia, zimetanda kama mji mwingine ng'ambo. Mwezi ukiwa mpevu taa zinapotea, maana dagaa hawaivamii taa penye mbalamwezi na wavuvi wanapumzika. Lakini siku hizo naiona barabara vizuri, kila shimo. Kwa hiyo nina kitu kila wiki: ama ziwa, ama njia.

Septemba 2025 mwanariadha wetu Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, video ilifika kwenye kila simu hapa mtaani. Alikimbia saa 2:09:48, na Mjerumani aliyekuwa wa pili ameandikiwa muda huohuo. Waliachana kwa sekunde 0.03. Watu walikuwa wanairudia ile hatua ya mwisho. Mimi nilikuwa natazama mabega yake. Kilomita 42 na ushee, na mabega hayajapanda. Alikuwa amepata shaba London mwaka 2017, na mwanangu akahesabu: miaka minane katikati. Nikafikiria asubuhi za miaka minane ambazo hakuna aliyezipiga picha, mtu anaamka, anafunga kamba, anatoka. Kesho yake nikakimbia nikiwa nimeshusha mabega, na kweli kifua kilifunguka.

Presha mara ya mwisho ilisoma 134 kwa 84. Kidonge naendelea nacho, muuguzi amenikataza kukiacha kwa sababu ya namba moja nzuri, na mimi sina haraka hiyo.

Basi, leo. Nguzo 47 kushuka. Nikagusa ukuta wa stesheni, ule mzee wa Wajerumani, reli ilifika hapa mwaka 1914, nikageuka. Kupanda nilihesabu kimoyomoyo hadi 30 kisha nikasahau kuhesabu. Nilikuwa namfikiria baba watoto, lakini si usiku ule. Nilimfikiria alivyokuwa akitembea, mikono nyuma, akiongea njia nzima. Nikagundua niko juu, karibu na nyumbani, na moyo unapiga kwa nguvu na hakuna kitu ndani yangu kinachosema nimechelewa.

Yule bibi wa pembeni ya barabara alikuwa amesimama mlangoni, khanga kichwani kama siku ile. Nikapunguza mwendo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Jana mbona hukupita?"

"Jana nilipumzika, bibi. Nina siku za kupumzika."

"Nilikungoja hadi jua likatoka," akasema. "Nikajua kuna msiba. Siku nyingine uwe unaniambia."

Nimemwambia: Jumatano na Jumapili sipiti.