Rubani Msaidizi wa Shosho

Mwaka 2012 nilikuwa mhariri katika studio ndogo ya video iliyokuwa ghorofani River Road, Nairobi. Kazi yetu kubwa ilikuwa video za harusi na za ruracio, yaani sherehe za mahari za Wakikuyu, na karibu kila wiki nilikabidhiwa saa nyingi za picha ambazo mteja alitaka zibaki zote, kuanzia bibi harusi akipakwa poda hadi mzee wa mwisho akitoa nasaha. Katika kazi hiyo nilijifunza kwamba hotuba ya mzee haiondolewi hata iwe ndefu namna gani, bali hufupishwa pale anapovuta pumzi, na kwamba ukikata pasipo na pumzi, hata mtu asiyejua lolote kuhusu uhariri atahisi kuwa kuna kitu kimeng'olewa.

Ni katika mwaka huo niliposoma habari za Topher Grace, mwigizaji wa Marekani, ambaye alizichukua filamu tatu za Star Wars, mfululizo wa hadithi za vita vya angani, zilizotoka mwaka 1999, 2002 na 2005, zinazokaribia saa 7 kwa pamoja, akazikata na kuziunga zikawa filamu moja ya dakika 85, kisha akawaonyesha marafiki na waalikwa wachache mjini Los Angeles. Filamu yake ilianza na pambano la panga za mwanga ambalo katika filamu ya mwaka 1999 linakuja karibu na mwisho. Karibu yote yaliyotangulia pambano hilo aliyatupa. Hakuwa wa kwanza. Zaidi ya miaka kumi kabla yake, Mike J. Nichols, mhariri wa huko huko Los Angeles, alikuwa ameipunguza filamu hiyo ya 1999 kwa takriban dakika 20, na toleo lake likapita mkono kwa mkono katika kanda za VHS huku watu wakibishana ni nani aliyelitengeneza. Nilichokipenda katika habari ya Grace ni sababu yake: alitaka kujifunza uhariri. Mimi niliyekuwa nikilipwa kwa kuhariri sikuwahi kufikiri kwamba filamu iliyokwisha kutengenezwa na kupendwa duniani kote inaweza kuwa daftari la mazoezi.

Binamu yangu, ambaye wakati huo alikuwa akiishi nami Kayole akitafuta kazi, alitaka tukate zile zile filamu tatu ambazo kila mtu alikuwa akizikata. Nilikataa. Kuikata filamu usiyoipenda ni kazi rahisi mno, kwa kuwa kila unachokiondoa unakiona ni uchafu. Nilichagua Return of the Jedi ya mwaka 1983, ya tatu katika filamu za mwanzo za Star Wars, ambayo sote wawili tuliitazama utotoni katika kanda iliyochakaa hadi rangi ya kijani ya msitu ikawa kama ya maji ya bahari. Niliipenda, lakini nilidhani ina kasoro moja kubwa, nayo ni wale Ewok, viumbe wadogo wenye manyoya wanaowashinda askari wa Himaya kwa magogo na mawe. Mpango wangu ulikuwa kuwapunguza hadi wabaki kivuli tu.

Kabla ya kukata chochote tulilazimika kukubaliana tunakata filamu ipi, na hapo ndipo ubishi wetu wa kwanza ulipozuka. George Lucas, mwanzilishi wa Star Wars, alizirudia filamu zake tatu za mwanzo mwaka 1997, akaongeza picha za kompyuta na kubadilisha muziki wa mwisho wa filamu hii. Katika DVD ya mwaka 2004 akauondoa uso wa mwigizaji Sebastian Shaw kwenye mzimu wa Anakin, baba yake shujaa Luke, na kuuweka wa Hayden Christensen. Mwaka 1988 Lucas huyo huyo alisimama mbele ya Bunge la Marekani kuwalaani watu wanaozibadilisha filamu za zamani, jambo ambalo binamu yangu alilikumbusha kila tulipokula. Huko Ulaya, Petr Harmáček, kijana wa Cheki, alikuwa tayari ameanza kuzirudisha filamu hizo katika hali yake ya zamani, shoti kwa shoti, kutoka vyanzo mbalimbali. Lakini mafaili yake yalikuwa makubwa kuliko bando lolote tuliloweza kununua. Tulichokipata ni DVD ya mwaka 2006 iliyokuwa na toleo la zamani kama nyongeza, lililotolewa kwenye nakala iliyotumika kwa santuri za leza mwaka 1993. Picha yake ilikuwa hafifu, nami nikalalamika. Binamu akasema kwamba hata kanda yetu ya utotoni haikuwa bora kuliko hiyo. Tukaanza nayo.

Studio ilipofungwa jioni nilibaki na kompyuta ya kazi kwa ruhusa ya mwenye studio, ambaye aliamini nafanya mazoezi ya programu mpya. Kuwaondoa Ewok kulinionyesha jinsi filamu ile ilivyofumwa. Sehemu yake ya mwisho inaendesha vita vitatu kwa pamoja: msituni, ambako waasi Han na Leia wanajaribu kuharibu mtambo wa ngao inayoilinda Death Star, kituo kikubwa cha kivita cha Himaya, angani, ambako mwenzao Lando anaongoza ndege za waasi kuishambulia Death Star, na katika chumba cha mfalme, ambako Luke anapambana na baba yake. Ngao isipoanguka, Lando hana pa kuingilia. Kamanda wa meli za waasi anataka kurudi nyuma, Lando anamsihi ampe Han muda zaidi, na muda huo ndio Ewok wanaoununua. Nilipoifupisha vita ya msitu, Lando aliomba muda na kupewa ngao iliyoanguka kabla hajamaliza kuomba. Nilipoiondoa kabisa, ngao ilianguka yenyewe. Ilinibidi nikubali kwamba viumbe niliowadharau ndio nguzo ya dari, nikawarudisha kwa kiasi, nikikata tu pale walipofanya mzaha wa pili baada ya mzaha wa kwanza.

Sauti ilinitesa kuliko picha. Katika filamu iliyokamilika, muziki wa John Williams haungoji mtu. Sentensi yake ikianza hapa huishia kule, na ukikata katikati, mtazamaji anaruka kwenye kiti. Kilichoniokoa ni kwamba katika sauti iliyogawanywa chaneli nyingi, mazungumzo kwa kawaida huwekwa kwenye chaneli ya kati, huku muziki na mivumo vikitawala pembeni. Kwa hiyo nilichukua sauti ya DVD ya 2004, nikailaza juu ya picha ya zamani, nikaweza kuisogeza sauti ya mtu bila kuuvunja muziki, ingawa si kila mahali. Wapo wahariri mashabiki wanaotumia njia hiyo hiyo kubadilisha kabisa maneno ya wahusika. Mimi niliitumia kuziba mashimo.

Desemba tulikwenda Limuru kwa Shosho, mama ya mama yangu, kama ilivyo desturi ya ukoo wetu kila Krismasi. Nilibeba toleo langu la kwanza kwenye DVD, na baada ya chakula cha jioni, mvua ikinyesha na vijana wakiwa hawana pa kwenda, binamu alitangaza kwamba tutaonyesha sinema. Shosho alikuwa na zaidi ya miaka themanini, na kwa kawaida televisheni ilimhusu tu wakati wa habari na ibada. Alikaa kwenye kiti chake akipepeta maharagwe, akatupa jicho mara moja moja, akauliza yule mwenye kofia nyeusi anayehema kwa nguvu ana ugonjwa gani wa kifua, akarudi kwenye maharagwe yake.

Kisha ikafika vita ya angani. Kando ya Lando, kwenye kiti cha rubani msaidizi, yumo kiumbe mwenye mashavu makubwa na macho meusi, aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ilitolewa na mwanafunzi kutoka Kenya, Kipsang Rotich, na baadhi ya maneno anayoyasema ni Kikuyu cha kawaida kabisa. Mimi na binamu tulilijua jambo hilo tangu zamani. Lilikuwa fahari ya mtaa wetu, ingawa maneno yenyewe hayalingani sana na vita vinavyoendelea. Ila hatukuwa tumemwambia Shosho. Rubani aliponena, alisimamisha ungo. Akatutazama mmoja mmoja, kana kwamba mmoja wetu ndiye aliyezungumza. Binamu akarudisha nyuma kidogo, rubani akasema tena, na Shosho akamjibu kwa sauti ya juu, kama mtu anayemjibu jirani aliyeita kutoka ng'ambo ya ua. Nyumba nzima ililipuka kwa kicheko. Shangazi yangu alitoka jikoni kuuliza ni nani amekuja.

Tangu hapo Shosho hakugusa maharagwe. Aliifuatilia vita ile kwa makini ambayo sijapata kuiona kwa mteja yeyote wa harusi, na kila tulipohamia msituni au kwenye chumba cha mfalme aliuliza, "Yule mtoto wa watu yuko wapi?" Nilijua alipo. Alikuwa kwenye diski ya studio, katika shoti nilizozikata, kwa sababu nilipotafuta mwendo wa kasi niliondoa nyuso za pembeni kwanza, na uso wake ulikuwa wa pembeni. Filamu ilipokwisha, akataka kujua kama yule kijana alifika salama. Binamu akamhakikishia kwamba alifika. Shosho akasema hajamwona akishuka kwenye ndege, na kwamba mtu aliyefanya kazi ile yote angepaswa kuonekana akipewa hata chai.

Januari nilianza upya. Niliuacha mpango wangu wa Ewok, nikaipitia vita ya angani shoti kwa shoti nikitafuta kila mahali rubani yule anapoonekana au kusikika, na hapo nikagundua jambo ambalo sikulisikia katika miaka yote ya kuipenda filamu hiyo. Waasi wanapoikaribia Death Star na vipimo vyao visionyeshe kama ngao ipo au imeanguka, yeye ndiye anayesema kitu, na ni katika kumjibu yeye ndipo Lando anapong'amua kwamba adui anaviziba vipimo vyao, na kwamba kama anaviziba basi alikuwa anawangoja. Mtego mzima unafichuka kutokana na neno la mtu wa kiti cha pili. Nililipa tukio hilo nafasi. Nilikata shoti mbili za ndege zilizokuja kabla yake ili ukimya uingie, nikasogeza sauti yake mbele kidogo ya picha, na nikairudia shoti yake akimgeukia Lando mahali ambapo filamu halisi inaonyesha milipuko tu. Chai sikuwa na namna ya kumpatia, maana haikupigwa picha.

Toleo la pili lilimfikia Shosho wakati wa Pasaka. Hatukuliuza wala kuliweka kwenye intaneti. Filamu haikuwa yetu, na watazamaji tuliowalenga walikuwa wanaenea sebuleni mwake. Alilitazama mara kadhaa, hasa wageni wakija, akiwapitisha upesi kwenye misitu hadi afike kwa mtu wake. Binamu yangu hakuridhika. Alisema nimegeuza vita vya galaksi kuwa safari ya dereva na utingo wake, akanakili mradi wote kwenye diski yake, na mwaka uliofuata akaniletea toleo lake mwenyewe ambamo Ewok wamerudishwa wote na wimbo wao wa mwisho unachezwa mara mbili. Lilikuwa refu kuliko filamu ya Lucas. Nilimwonyesha mahali muziki ulipovunjika, akanionyesha mahali pangu, na hadi leo hakuna aliyekubali kurekebisha.